Nani akusainie pasipoti yako ya kwanza ya Uingereza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kiapo umekula, picha na meya mmepiga, cheti cha uraia kiko kwenye bahasha juu ya kabati. Unakaa kujaza ombi la pasipoti, mambo yanakwenda vizuri, mpaka unafika mahali wanapotaka mtu mwingine athibitishe kwamba wewe ndiye wewe. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, na hapo ndipo simu yangu huanza kuita. Nimesaidia watu kujaza fomu hizi mezani kwangu hapa Leicester kwa miaka, na maswali ni yale yale. Nimeona niyaandike mara moja, mtu ayasome usiku akiwa ametulia badala ya kunipigia saa nne nikiwa zamu.

Huyu mtu wa kunisainia ni nani hasa? Ni mdhamini?

Hapana, na neno hilo "mdhamini" ndilo linalotuharibia kazi. Kwetu mdhamini ni mtu wa mkopo au wa polisi: ukitoroka wewe, yeye ndiye anayelipa au anayeitwa mahakamani. Ndiyo maana ukimwambia mtu "nidhamini pasipoti", hata rafiki wa miaka kumi anaanza kutazama saa.

Huyu ni mthibitishaji. Anaiambia Ofisi ya Pasipoti mambo mawili matatu: namjua huyu, nimemjua kwa muda huu, uso ulio kwenye picha ni wake. Hana deni lako, wala hatahusika na utakachokifanya ukishapata pasipoti. Anachobeba ni ukweli wa maneno yake tu. Kuna bwana mmoja alikataa kata kata kumsainia mwenzake, nilimpigia nikamweleza hivi nilivyoeleza hapa, akasema, "Kumbe ni hilo tu?" Jioni ile ile alikuwa ameshamaliza.

Ni nani anayetakiwa kuwa na mthibitishaji?

Kwa watu wazima, kila anayeomba pasipoti ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Mtu mzima kwao ni kuanzia miaka 16. Humo wamo wale walioukwaa uraia ukubwani, wamo na vijana waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kuwa na pasipoti au walikuwa na ile ya mtoto tu. Hata aliyekuwa na pasipoti ya Uingereza iliyotolewa kabla ya tarehe 1 Januari 1994 huhesabiwa kama anaanza upya.

Nje ya hapo, mthibitishaji hutakiwa pasipoti ikipotea, ikiibwa au ikiharibika, na pale ambapo sura yako imebadilika kiasi kwamba picha ya zamani haikutambulishi tena. Watoto nao wana utaratibu wao, lakini hapa nazungumzia watu wazima.

Masharti ya mtu huyo ni yapi?

Awe amekujua kwa miaka isiyopungua 2. Awe anakujua wewe kama mtu: rafiki, jirani, mfanyakazi mwenzako. Kukujua kikazi peke yake, kwa kuwa ulipita mbele ya meza yake, hakutoshi. Awe anafanya, au amestaafu, kazi inayotambuliwa, au awe mtu anayeheshimika katika jamii yake. Asiwe ndugu yako wa damu wala wa ndoa, asiwe mpenzi wako, asiwe anaishi anwani moja na wewe, asiwe mfanyakazi wa Ofisi ya Pasipoti. Na kwa ombi linalofanywa ukiwa hapa Uingereza, awe anaishi hapa na ana pasipoti ya Uingereza au ya Ireland ambayo haijaisha muda. Ukiomba mtandaoni, mimi huwaambia watu watafute mwenye ya Uingereza, wapunguze mushkeli.

Kazi gani zinazotambuliwa?

Orodha yao ni ndefu na ina mambo ya kuchekesha kidogo. Wamo unaowategemea: mwalimu, mhadhiri, mwanasheria, mhasibu, mhandisi mwenye sifa za taaluma, mfamasia, daktari wa meno, mtaalamu wa kupima macho na miwani, polisi, mtu wa zimamoto, afisa wa jeshi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, diwani, mbunge, mwandishi wa habari, ofisa wa benki, ofisa wa halmashauri, mtumishi wa serikali mwenye ajira ya kudumu. Nesi aliyesajiliwa yumo. Kiongozi wa dini inayotambuliwa yumo. Lakini yumo pia mwenye leseni ya kuendesha baa, yumo mtu wa kuendesha mazishi, yumo mpiga picha wa kulipwa, yumo rubani, yumo wakala wa safari aliyesomea. Yumo mkurugenzi au meneja wa kampuni, yumo kiongozi wa chama cha wafanyakazi, yumo mwenyekiti au katibu wa chama kinachotambuliwa.

Wenyewe wanaitoa kama mifano. Isome yote, kwa sababu mara nyingi mtu unayemtafuta umeshamsalimia leo asubuhi bila kujua kwamba kazi yake imo. Na ukiona kazi ya mtu ina jina linalokaribia lakini si lenyewe, msaidizi wa mwalimu kwa mfano, au msaidizi wa nesi, usijilazimishe kubahatisha. Tafuta ambaye kazi yake imeandikwa waziwazi.

Mimi ni mbeba boksi tu. Simjui mwanasheria wala mhasibu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe; mengine yote yanalizunguka. Watu wetu wakisikia "mtu anayeheshimika" wanawaza mkubwa: mwenye suti, mwenye ofisi, mwenye muhuri. Wanaanza kutafuta juu, kwa watu wasiowajua, wakati waliowazunguka wanatosha.

Hebu tuhesabu. Ili upate uraia, kwa kawaida umeshakaa nchi hii miaka mitano au zaidi. Mitatu kama umeoa au umeolewa na raia. Katika miaka hiyo hukukaa kabatini. Ulifanya kazi mahali, ulipanga mahali, uliswali au ulisali mahali, watoto walisoma mahali. Kuna mtu amekuona kila wiki kwa miaka miwili.

Dada mmoja alikuja kwangu amekata tamaa. Anafanya kazi ya kulea wazee, zamu za usiku, miaka minne katika nyumba ile ile. Nikamuuliza: usiku unapokezana na nani? Akasema, na nesi wa zamu. Ni nesi kweli, aliyesajiliwa? Ndiyo, Mfilipino, amechukua uraia kabla yangu, tunakula pamoja saa nane ya usiku. Mnajuana kwa muda gani? Tangu nilipoanza. Nikamwambia, basi mtu wako ndiye huyo. Akabaki kanitazama. Miezi miwili alikuwa akimwandama wakili mmoja mjini asiyemjua hata kwa jina la kwanza, na huku mtu wake anakula naye wali wa baridi kila Jumanne.

Kwa hiyo anza na kazini. Nesi mnayepokezana zamu, meneja wa nyumba ya wazee, meneja wa ghala, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kisha nenda kwa majirani: ukikaa mtaa mmoja miaka mitatu, yule mzee mnayesaidiana kutoa mapipa ya taka huenda ni mwalimu mstaafu, na kustaafu hakumwondolei sifa. Kisha msikitini au kanisani. Kisha chama cha watu wa kwenu. Kisha wazazi wa watoto wanaocheza mpira na wako. Kati yao hukosi mfamasia au polisi. Kisha chuoni, kama uliwahi kusoma: mwalimu wa Kiingereza wa jioni aliyekuja kuwa rafiki ni mwalimu kama wengine.

Ukimpata, usimtumie ujumbe wa ghafla. Mwombe ana kwa ana, mweleze kitakachotokea, muulize kama pasipoti yake haijaisha. Wengi wa hapa wanazijua shughuli hizi kwa sababu nao walisainiwa walipokuwa vijana. Kwao ni jambo la dakika kumi. Sisi ndio tunaolifanya kama posa.

Binamu yangu ni mhasibu. Kwa nini asinisainie?

Kwa sababu ni binamu. Undugu wa damu na wa ndoa unakataliwa, nao hawasemi unakomea wapi, kwa hiyo usianze kupima. Mtoto wa mama mdogo, mume wa dada, wifi, shemeji, mkwe, mjomba: waache wote.

Shida yetu ni kwamba tunaitana ndugu hata pasipo undugu. Yule mama wa Mombasa unayemwita shangazi kwa kuwa ni wa makamo ya mama yako na alikupokea ulipofika, kama hamna damu wala ndoa kati yenu, anaruhusiwa. "Mjomba" wa mtaani anaruhusiwa. Ila wakumbushe wasijisahau: wakiulizwa mnajuana vipi, wajibu ukweli kwamba ni rafiki wa familia. Kuna mzee aliandika kuwa yeye ni mjomba, kwa mapenzi tu, ikabidi tuanze upya na mtu mwingine.

Tunaishi nyumba moja lakini hatuna undugu. Inakubalika?

Hapana. Anwani moja, basi. Hata kama ni wapangaji wawili wenye vyumba tofauti.

Daktari wangu je?

Daktari hukubaliwa tu kama ni rafiki yako na anaweza kukutambua kwa urahisi kwenye picha yako. Daktari wa kliniki unayemwona mara moja kwa mwaka, dakika kumi, macho yake yakiwa kwenye kompyuta, huyo si rafiki. Kliniki nyingi zitakukatalia ukiwa bado mapokezi, na usiwalaumu.

Nikimlipa wakili aniwekee muhuri?

Hapa tunabeba mazoea ya nyumbani. Kwetu karatasi haijawa karatasi mpaka iwe na muhuri. Unakwenda kwa mtendaji wa mtaa, unakwenda kwa wakili, unatoa ada, muhuri unalia, umemaliza. Wakili hana haja ya kukujua. Hapa mambo yamegeuzwa. Hakuna muhuri unaotakiwa popote, na wakili asiyekujua hafai hata akiwa na mihuri kumi. Wanasheria wamo kwenye orodha, lakini kwa sharti lile lile: akujue kwa miaka 2, nje ya meza yake ya kazi.

Sheria ya ombi haina ada ya mthibitishaji. Mtu akikutajia bei ya kukuthibitisha, jua kwamba hakujui, na wewe hutaki mtu asiyekujua. Kumbebea sahani ya pilau baada ya kumaliza ni adabu yetu tu, hakuna anayeihesabu kuwa malipo.

Imamu au mchungaji?

Ndiyo, kama amekujua kwa muda huo na si jina tu kwenye daftari la waumini. Angalia jambo moja: baadhi ya maimamu na wachungaji wetu wamekuja kwa viza za kazi na wana pasipoti za kwao. Hao, kwa ombi la hapa, hawawezi, ingawa heshima yao haina shaka. Uliza pasipoti kwanza, kwa upole.

Waliosaini fomu yangu ya uraia si wanatosha?

Pengine. Lakini haya ni mambo mawili, na watu huyachanganya kila siku.

Kwenye ombi la uraia ulitakiwa kuwa na watu wawili, kila mmoja awe amekujua kwa miaka 3. Mmoja alikuwa mtu wa taaluma wa uraia wowote ule. Wa pili kwa kawaida alikuwa na pasipoti ya Uingereza, awe na taaluma au awe na zaidi ya miaka 25. Kwenye pasipoti ni mtu mmoja, miaka 2, na masharti ya kazi na ya pasipoti yote yanamwangukia huyo huyo mmoja.

Kwa hiyo yule nesi Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya aliyekusainia uraia hakufai sasa. Yule jirani Mwingereza dereva wa basi aliyesaini kwa kuwa ana zaidi ya miaka 25, naye inabidi umfikirie upya. Lakini kama mmoja wao ana vyote viwili, taaluma na pasipoti, mrudie yeye. Ameshakujua, na hataogopa tena.

Rafiki yangu ana makazi ya kudumu hapa miaka ishirini. Hawezi?

Bila pasipoti ya Uingereza au Ireland iliyo hai, hapana. Hata kama ni raia kabisa lakini pasipoti yake imeisha mwezi uliopita, hapana vilevile, mpaka aihuishe.

Nikiomba mtandaoni, yeye anafanya nini?

Anafanya kidogo kuliko unavyofikiri. Wewe unaandika jina lake na barua pepe yake. Anapokea ujumbe wenye linki. Anaifungua, anaandika namba ya pasipoti yake na kazi yake, anajibu mnajuana vipi na tangu lini, anaonyeshwa picha yako, anathibitisha kuwa ni wewe. Hakuna cha kuchapa, hakuna cha kuposti.

Matatizo niliyoyaona yanatokea nje ya ukurasa wenyewe. La kwanza, barua pepe iliandikwa vibaya, nukta moja mahali pasipo pake, ujumbe ukaenda kwa mtu mwingine au haukwenda popote. Mwambie akutumie anwani yake kwa ujumbe, wewe uinakili. Usiiandike kwa kusikia kwenye simu. La pili, ujumbe ulizama kwenye barua taka. La tatu ndilo linaloniuma: jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, mama makini sana, aliufuta ujumbe akidhani ni matapeli, kwa sababu kila siku anaonywa asifungue linki zinazotaka namba ya pasipoti. Alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa letu, hatukumtahadharisha. Siku hizi namwambia mwombaji: ukishabonyeza kutuma, mpigie papo hapo, mwambie ujumbe unakuja, na kama anaweza, kaa naye kwenye simu mpaka amalize.

Na nikitumia fomu ya karatasi?

Fomu unaipata posta. Jaza sehemu zako zote kwanza. Usimpe mtu fomu tupu asaini, hakuna mtu makini atakayekubali. Yeye anajaza sehemu ya 10, kwa kalamu nyeusi, kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu kuna picha. Unatuma mbili zinazofanana, naye anaandika nyuma ya moja tu. Maneno ni haya, kwa Kiingereza kama yalivyo: "I certify that this is a true likeness of", yakifuatwa na Mr, Mrs au Miss na jina lako kamili. Maana yake anathibitisha kwamba hiyo ni sura yako halisi. Anasaini hapo hapo nyuma na kuweka tarehe.

Inaonekana ndogo, lakini picha ina milimita 45 kwa 35, na mgongo wake unateleza. Wino unachukua muda kukauka. Nimeona picha nzuri ikiharibika kwa kuwa mtu aliandika, akaigeuza upesi, akaibandika juu ya mwenzake. Ukiitazama mbele unaona kidole cheusi juu ya paji la uso. Jaribu kalamu kwanza kwenye karatasi nyingine. Mwambie aandike kwa herufi ndogo ndogo bila kukandamiza, maana ukikandamiza mwandiko hutokeza usoni. Kisha picha ilale kifudifudi, mnywe chai.

Watu wananijua kwa jina jingine. Ni tatizo?

Ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Umeishi mtaani miaka sita unaitwa Mama Fatuma. Kazini wamekufupishia jina wakaona wamekusaidia. Msikitini unaitwa kwa jina la mume. Na kwenye cheti cha uraia kuna majina matatu: lako, la baba, la babu, tena labda kwa tahajia ya karani wa wilaya wa mwaka ulipozaliwa.

Mthibitishaji lazima ajue kwamba yule Mama Fatuma wake ndiye huyu mwenye majina matatu. Mwandikie jina lako kamili kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na tarehe yako ya kuzaliwa. Ofisi ikimpigia simu kumuuliza habari za mtu huyo, naye akajibu "simjui", ombi litasimama, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Tukiwa hapo hapo kwenye majina: Uingereza wanataka jina moja katika nyaraka zako zote. Kama pasipoti yako ya Kenya ina jina la ndoa na cheti cha uraia kina la baba, shughulikia hilo kabla hujamsumbua mtu kukusainia.

Anaogopa kutoa namba ya pasipoti yake. Nimwambieje?

Mwambie haachi pasipoti kwa mtu wala haitumi popote; ni namba tu, ili Ofisi ihakikishe kuwa naye ni mtu wa kweli. Kwa njia ya mtandaoni, hata wewe huioni. Kama bado hana amani, mwache. Mtu aliyelazimishwa hujibu kwa kusitasita, na huo ndio mwanzo wa maswali.

Tumejuana mwaka mmoja na nusu. Akiandika miaka miwili?

Usimtie mtu mtegoni kwa ajili ya miezi sita. Kusema uongo ili pasipoti itolewe ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1925, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Wewe umesubiri miaka yote hiyo. Yeye ana leseni yake ya unesi ya kulinda. Subiri, au tafuta mwingine.

Mtu mmoja anaweza kutusainia mke na mume?

Sijawahi kuona kinachomkataza, mradi amewajua wote wawili kwa muda huo. Shida huwa kwamba anamjua mume vizuri na mke amemwona kwenye harusi na misiba tu. Hapo kila mmoja atafute wake, na mara nyingi mke humpata wake upesi zaidi.

Amekawia, au Ofisi imemkataa. Ombi langu limekufa?

Halijafa. Utaarifiwa, utaombwa utoe mtu mwingine. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na jina la pili mfukoni tangu mwanzo. Kwa karatasi usumbufu ni mkubwa zaidi kwa sababu huenda ukatakiwa kuleta fomu au picha nyingine iliyosainiwa, na hiyo ni safari ya posta tena.

Akishathibitisha, bado nitaitwa kwenye mahojiano?

Huenda. Kwa waombaji wazima wa mara ya kwanza mahojiano ya kuthibitisha mtu yapo tangu 2007. Watakuuliza habari zako mwenyewe: umeishi wapi, wazazi ni nani, na mambo ya namna hiyo. Mthibitishaji haendi nawe. Jibu unachokijua, na usichokumbuka sema hukumbuki.

Nimepata msiba nyumbani. Naweza kuharakisha?

Huduma ya haraka wanayouza kwa wanaohuisha haipo kwa pasipoti ya kwanza ya mtu mzima. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona likimpata mtu: kiapo amekula Alhamisi, Jumapili mama kafariki, na hana kitabu cha kusafiria.

Kwa Mkenya kuna nafuu, maana katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha na pasipoti yake ya Kenya ni halali kumfikisha nyumbani. Kazi ni kurudi: tangu tarehe 25 Februari 2026, raia wa Uingereza mwenye uraia mwingine anatakiwa aonyeshe pasipoti ya Uingereza, au cheti cha haki ya kuishi, anaposafiri kuja huku. Mtanzania hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa Tanzania akishachukua mwingine; ile pasipoti ya zamani si yake tena kisheria.

Ndiyo maana nawaambia watu: mtafute mthibitishaji wakati bado unasubiri jibu la uraia. Awe ameshakubali, ameshaangalia tarehe ya pasipoti yake, unayo barua pepe yake. Siku ya cheti, unaomba siku hiyo hiyo.

Niko Nairobi, Dar au Muscat, na nina haki ya pasipoti ya Uingereza kwa mzazi. Nani anisainie?

Ukiomba ukiwa nje ya Uingereza mlango ni mpana zaidi. Mthibitishaji anaweza kuwa na pasipoti ya Uingereza, Ireland, nchi ya Umoja wa Ulaya, Marekani, au nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo katika Jumuiya hiyo, kwa hiyo mwalimu Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya anakusainia bila taabu. Burundi, Kongo na Oman hazimo. Aliyeko Muscat, Mwomani mwenyeji wake hatamfaa kwa pasipoti ya Oman, ila mhandisi Mtanzania wanayekutana msikitini atamfaa. Masharti mengine yanabaki pale pale: miaka 2, si ndugu, si wa nyumba moja, na pasipoti yake iwe hai. Huko pwani wengi wana kazi nzuri na hawajawahi kuchukua pasipoti kabisa kwa kuwa hawasafiri. Muulize hilo kabla hujaanza kumweleza mengine yote.